Mama Aliyekufa Ukurasa wa Pili

Kwa miaka minne Jumamosi zangu zilikuwa za mtaa wa Bondeni. Nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Nakuru, nikiishi mtaa wa Section 58 katika chumba kimoja na jikoni, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilifunga mlango nikaenda kwa miguu hadi kwa fundi wa cherehani aliyekuwa na duka kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili. Nilikuwa nimebeba kitabu kinene kwenye mkoba, na mara nyingi nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Fundi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Babu yake alikuja kutoka Pwani kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa Bondeni, akaolewa Bondeni, akafiwa na mume Bondeni. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote, na alipenda kuturekebisha huku ana pini mdomoni. Kazi yake kubwa ilikuwa yunifomu za shule. Desemba na Januari humpati. Miezi mingine alisoma.

Vitabu alivipata kwa bahati. Mteja wake mmoja alikuwa anahamia ng'ambo, akamwachia katoni tatu za riwaya za Kiingereza, zote za aina moja: falme za kubuni, majoka yenye mabawa, wachawi, ramani kwenye kurasa za mbele zenye milima ambayo haipo popote. Fundi alianza kuzisoma akiwa na kamusi pembeni, akizionea shaka. Kufikia katoni ya pili alikuwa amenogewa.

Siku ya kwanza mimi nilimpelekea sketi iliyoharibika zipu. Nikamkuta amekunja uso juu ya ukurasa.

"Mwalimu," akaniambia, maana alikuwa ananifahamu kwa sababu ya yunifomu, "hebu nisaidie. Huyu mtu hapa wanasema amegeuka mwewe, au wanasema ana hasira kama mwewe?"

Nikasoma. Alikuwa amegeuka mwewe. Nikakaa nikasoma ukurasa uliofuata, na sketi nikaisahau. Wiki hiyohiyo akaja kijana fundi wa stima, yaani umeme, kurekebisha mota ya cherehani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mrefu, mpole, penseli nyuma ya sikio. Aliona katoni akaacha bisibisi juu ya meza. Kumbe alikuwa amesoma vingi vya aina hiyo kwenye simu yake, akingoja kazi vibarazani. Alituambia kipi kizuri na kipi kinaharibika mwishoni. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wengine walikuja wakaondoka, lakini sisi watatu tulibaki: fundi, fundi wa stima na mimi. Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja kwa wiki tatu au nne, halafu tunakijadili tukinywa chai ya tangawizi na mahamri.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya malkia. Kulikuwa na kitabu kimoja ambacho ndani yake kuna nchi ya milima, na nchi hiyo imetawaliwa na mwanamke miaka ishirini kwa amani. Mwandishi alimpa aya moja. Halafu akaja kijana mchunga mbuzi, hajui kusoma, hajawahi kutawala hata boma la mbuzi wake, na malkia akashuka kitini akampa taji kwa sababu ana alama begani. Kijana yule alipewa kurasa mia sita.

"Miaka ishirini, aya moja," nilisema. "Na hakuna mtu anauliza?"

Kijana wa stima akatabasamu. "Mwalimu, hiyo ni mambo ya kitambo. Zamani wafalme walikuwa wanaume. Mwandishi ameweka uhalisia."

"Uhalisia? Ukurasa wa arobaini kuna mbwa anaongea."

Fundi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Lakini kijana hakukasirika. Alifikiria kwanza, kama alivyokuwa akifanya kila mara, halafu akasema, "Mbwa kuongea ni sawa. Lakini hata dunia ya uongo lazima ikae kama dunia. Ukiweka kila kitu kipya, msomaji atashika wapi?"

"Kwa hiyo msomaji anaweza kushika mbwa anayeongea, lakini hawezi kushika mwanamke mwenye akili za kutawala?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Tukaendelea hivyo hadi chai ikapoa. Na wiki iliyofuata tena. Tulibishana juu ya dada wa mashujaa ambao kazi yao ni kufunga vidonda. Tulibishana juu ya wachawi: kwa nini mwanamume akijua uchawi ni mwenye hekima na ndevu, na mwanamke akijua uchawi ni mbaya au ni mzuri wa sura, na mara nyingi vyote viwili. Tulibishana juu ya panga. Yeye alisema upanga ni mzito. Nikamuuliza kama amewahi kushika upanga. Akasema hapana. Nikamuuliza kama amewahi kubeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni kupanda mlima, asubuhi na jioni. Akasema hapana.

"Mama yangu amebeba tangu akiwa msichana," nikasema. "Huko Elburgon. Kwa hiyo usiniambie habari ya uzito."

Nilipenda kumtaja mama yangu kwenye mabishano. Alinisaidia kushinda. Nikikumbuka sasa naona kwamba nilimtaja karibu kila Jumamosi, na sikuwa nimewahi kumuuliza yeye chochote kuhusu maisha yake zaidi ya yale ambayo kila mtoto anajua.

Mtu ambaye hakuwa upande wangu, na hili lilinisumbua, ni fundi. Kulikuwa na binti mfalme katika kitabu fulani ambaye amefungiwa kwenye mnara na anangoja kuokolewa. Nilimshambulia binti yule nusu saa nzima. Hafanyi chochote, nilisema. Anachana nywele na kuangalia nje.

Fundi alikuwa anakata kitambaa cha buluu. Hakuinua kichwa. "Mwache," akasema.

"Nimwache vipi?"

"Mimi nimeanza kushona nikiwa na miaka kumi na minne, mwanangu. Nimeshona nikiwa na mimba, nimeshona nikiwa eda. Humu katika vitabu kuna mtu mmoja tu aliyekaa dirishani hana la kufanya. Mwache apumzike."

Nilisema kitu kuhusu uhuru, nikajisikia kama ninasoma kutoka kwenye ubao.

Halafu kulikuja ile Jumamosi mbaya. Sikumbuki hata kitabu kilikuwa kipi. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa wiki ya mitihani, na shuleni mwalimu mkuu alikuwa amempa mwalimu mgeni wa kiume usimamizi wa klabu ya mijadala ambayo mimi nilikuwa nimeianzisha. Kijana wa stima akasema jambo dogo, kwamba shujaa wa kike katika kitabu hicho anaongea sana. Nikamwambia, "Wewe unapenda hivi vitabu kwa sababu ndani yake unapata wanawake wasiokujibu."

Akachukua kitabu chake, akakifunga vizuri, akaweka penseli nyuma ya sikio.

"Sawa, mwalimu," akasema, akaondoka.

Fundi alishona pindo lote la sketi kabla hajazungumza. "Umemshinda," akasema, "ama umemfukuza?"

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Sisi wawili tulikaa na chai yetu tukizungumza juu ya bei ya vitambaa. Jumamosi ya tatu alirudi, amebeba madaftari mawili mapya ya mistari. Hakuniomba nimwombe msamaha, na mimi, kwa aibu yangu, sikuomba.

"Nimefikiria," akasema akiwa bado amesimama mlangoni. "Sikatai yote unayosema, mwalimu. Lakini kukosoa ni rahisi. Andika yako. Na mimi niandike yangu. Mathe," akamwonyesha fundi kwa kidevu, "atakuwa hakimu."

"Kwa Kiswahili," akasema fundi haraka. "Nimechoka na kamusi."

Likizo ya Aprili ilikuwa karibu. Tukakubaliana kila mmoja alete sura mbili shule zikifunguliwa.

Niliandika kwa hamu ambayo sijawahi kuipata tena. Hadithi yangu ilikuwa ya kijiji kilicho ukingoni mwa msitu unaotembea. Kila mwaka msitu ule unasogea hatua chache kuelekea kwenye nyumba za watu, na hakuna anayejua kwa nini. Msichana wa kijiji, jasiri, mwenye shoka na maswali mengi, anaamua kuingia ndani kuuliza. Hakuna mwanamume wa kumwokoa. Hakuna mnara. Hakuna alama begani. Nilijiona nimewajibu waandishi wote wa katoni tatu kwa mpigo.

Nilikwenda Elburgon kwa mama nikiwa na daftari langu. Nyumba yetu pale ni ya mbao, kama nyumba nyingi za huko, na asubuhi unasikia misumeno ya viwanda kabla hujasikia kuku. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi, na mama alikuwa anaishi na ng'ombe wawili na shamba la viazi na minji, zile njegere za kijani. Siku ya pili baada ya kufika, tulikaa jikoni karibu na moto, yeye na beseni la minji, mimi na daftari. Nikamwambia nimeandika hadithi. Akasema, "Soma."

Nilisoma sura ya kwanza yote. Alikuwa anaambua minji bila kuangalia vidole, akinitazama.

"Huyo mama alikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Mama yupi?"

"Wa msichana. Aliyekufa na homa."

Ilinibidi nifungue tena. Alikuwa amekufa ukurasa wa pili, kwa sentensi mbili. "Sijui. Arobaini hivi."

"Aliugua siku ngapi?"

"Haijaandikwa."

"Na walimtibu na nini?"

"Mama, hiyo si sehemu muhimu. Alikufa ili msichana aweze kuondoka nyumbani."

"Kwani akiwa hai msichana hawezi kuondoka?" Akatupa ganda motoni. "Wewe si uliondoka, na mimi niko hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mbona umeniua?" akasema.

"Si wewe, mama. Ni mtu wa kubuni."

"Ana kovu langu."

Nilitazama ukurasa. Kweli nilikuwa nimempa mama yule kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na mkono wenyewe ulikuwa pale mbele yangu, ndani ya beseni. Sikukumbuka kuliandika kovu hilo. Nilikuwa nimehitaji kitu cha kumfanya mtu yule aonekane kuwa mtu, nikachukua cha karibu, halafu nikamzika.

Nilitoka nje nikasimama kando ya zizi. Nilianza kuhesabu kichwani vile vitabu vyote nilivyosoma Bondeni. Mama wa mchunga mbuzi: alikufa akijifungua. Mama wa binti wa mnara: alikufa kwa huzuni. Wa yule aliyegeuka mwewe: alichomwa. Wengine hawakutajwa kabisa, kana kwamba mashujaa wameota kama uyoga. Na mimi niliyekuwa nikipiga kelele kila Jumamosi juu ya malkia wa aya moja, nilikuwa nimempa mama wa hadithi yangu sentensi mbili, tena za kumuua. Niliona haya kweli. Ng'ombe walinitazama kama ng'ombe wanavyotazama.

Kesho yake asubuhi, wakati tunakunywa chai, mama akasema bila mimi kuuliza, "Mpe kazi."

"Nani?"

"Huyo mama. Ukimpa kazi hutaweza kumuua ovyo. Mtu akiwa na kazi, akifa lazima kuna kitu kinasimama."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Nilijua mama alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao nilipokuwa mdogo, akipanga mabanzi, zile mbao za pembeni zenye maganda. Wanawake wote walikuwa wanapanga mabanzi. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwaka mmoja mpimaji wa magogo alivunjika mguu, na kwa miezi miwili mama ndiye aliyeshika kazi ile. Alipewa utepe wa kupimia na nyundo ya kugongea alama. Gogo likishushwa kutoka kwenye lori, yeye ndiye aliyesema litatoa mbao ngapi, na wapi limeoza ndani ingawa nje linang'aa.

"Nilikuwa nagonga na kusikiliza," akasema. "Gogo lililooza linakujibu tofauti. Sikukosea hata mara moja. Hata wenye msumeno walikuwa wananingoja mimi."

"Halafu?"

"Halafu mguu wake ukapona. Nikarudi kwa mabanzi."

"Hukusema kitu?"

"Niseme kwa nani? Msimamizi aliniambia asante sana. Akanipa mkate." Akamimina chai iliyobaki kwenye kikombe changu. "Lakini niliipenda ile kazi. Naiota mpaka leo, niko uwanjani na nyundo."

Likizo yote tuliandika hivyo, mimi na daftari, yeye na minji au viazi. Mama wa hadithi akafufuka. Akawa ndiye anayepima miti ya ukingoni kila mwaka, na ni yeye, wala si msichana, aliyegundua kwamba msitu unatembea. Nikapata taabu ambayo sikuitarajia: mama akiwa hai kila kitu kinakuwa kigumu. Msichana hawezi tu kuchukua shoka na kuondoka alfajiri. Kuna mtu wa kumuuliza amekula nini, kuna mtu atakayemtafuta. Nilielewa kwa nini waandishi wanawaua mapema. Ni rahisi.

Mwishowe niliandika kwamba mama anabaki mlangoni, anampungia mkono bintiye. Nikamsomea, nikiwa na uhakika ataridhika.

"Kwa nini nibaki?" akauliza.

"Si kuna ng'ombe?"

"Ng'ombe tutamwachia jirani. Nani alikuambia mimi sitaki kwenda?"

Basi wakaenda wawili.

Shule zilipofunguliwa tulikutana Bondeni. Nilisoma mimi kwanza. Fundi alizima cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipofika mahali ambapo mama anagonga mti na kusikiliza, kijana wa stima alitoa penseli nyuma ya sikio akaanza kuandika kitu pembeni mwa daftari lake. Baadaye nilimwambia yote, ya ukurasa wa pili na ya kovu. Nilidhani atafurahi kunishika nimekosea. Alisema tu, "Eh. Hata mimi sikuwa nimeona hiyo. Na nimesoma vitabu vingi kukushinda."

Halafu akasoma yake. Ilikuwa ya watu wanaoishi ndani ya Menengai, ule mlima wa volkano juu ya Nakuru, chini kabisa ya kreta, wanaochota moto kutoka ardhini na kuusafirisha kwa mabomba hadi kwenye taa za mji. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, nasema ukweli. Uliweza kunusa mvuke. Lakini baada ya kurasa kumi nilianza kuona kitu, na fundi alikuwa ameshaona.

"Kijana," akasema alipomaliza, "hawa watu wako huko shimoni, wanazaliwa na nani?"

"Vipi, mathe?"

"Hakuna mwanamke hata mmoja. Hata mpishi ni mwanamume. Nauliza tu, wanaota?"

Kijana akafunga daftari lake. "Niliogopa," akasema. "Niliwaweka watatu mwanzoni. Kila nikiwaandika nasikia mwalimu akiniambia nimekosea. Nikaona afadhali niwatoe wote."

Fundi akacheka, na mimi pia nikaanza kucheka, lakini kijana aliendelea kuzungumza kwa sauti ileile ya upole. Mama yake aliondoka nyumbani yeye akiwa darasa la tatu, akaenda kufanya kazi mbali na hakurudi. Alilelewa na baba yake na ami zake wawili. Nyumba nzima ilikuwa ya wanaume. Walipika wenyewe, walifua wenyewe, na jina la mama halikutajwa. "Kwa hiyo nikiandika mwanamke," akasema, "ninaandika kitu nilichosoma kwenye vitabu. Sina kingine. Na wewe unasema vitabu vyenyewe vimekosea."

Nilikumbuka maneno niliyomwambia ile Jumamosi, kwamba anatafuta wanawake wasiomjibu. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya fundi. Ulikuwa msamaha uliochelewa miezi miwili, na haukutoka vizuri, nilirudia maneno. Alitikisa kichwa akasema hakuna shida. Halafu akauliza, "Hiyo kazi ya kupima magogo, mathe wako anaweza kunielezea?"

Mama alikuja Nakuru mwezi wa sita kupimwa macho, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa alilala kwangu, na Jumamosi nikaenda naye Bondeni. Alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa kana kwamba tunaenda kanisani. Kijana wa stima alimpisha kiti chake, akaketi kwenye katoni, akamuuliza maswali saa nzima: nyundo ilikuwa na uzito gani, alama iligongwa wapi, gogo lililooza linatoa sauti gani. Mama aligonga meza ya fundi kwa kifundo cha kidole kumwonyesha. "Hii ni nzima," akasema. Akagonga mguu wa meza. "Huu si mzima." Kijana akainama kutazama, na kwa kweli kulikuwa na mchwa.

Sijui nani aliyemtaja binti wa mnara. Nadhani nilikuwa mimi, nikitaka mama anisaidie. Nikamwelezea kisa chote na nikamweleza msimamo wa fundi.

"Hapana, Mama Mwalimu," fundi akajitetea, "mimi nasema tu aachwe apumzike."

Mama akafikiria. "Huyo hapumziki, dada yangu. Amefungiwa. Mtu anapumzika akijua mlango uko wazi."

"Kweli. Lakini hebu niambie. Hujawahi kutamani kukaa mahali palipofungwa, juu kabisa, hakuna mtu atakayekuuliza chakula kiko wapi?"

Mama alianza kucheka. Alicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba alipokuwa hai, akishika mbavu, miwani ya zamani ikimteleza puani. "Hiyo nimetamani," akasema. "Nimetamani sana. Siku mbili tu."

"Siku mbili tu," fundi akakubali. "Halafu nishuke mwenyewe."

"Na ngazi iwe yako."

"Na ngazi iwe yangu."

Mimi na kijana tulitazamana. Muda wote ule tulikuwa tumebishana kuhusu panga na mataji, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa amefikiria ngazi. Sikumbuki kama tulijadili kitu kingine siku hiyo. Nakumbuka fundi alimpima mama mabega akisema atamshonea nguo, na mama alikataa mara mbili kwa adabu kabla ya kukubali.

Tuliendelea miaka miwili zaidi. Kijana aliwaingiza wanawake katika kreta yake kidogokidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayeunganisha nyaya bila kuzima stima, na kila alipokwama alipiga simu Elburgon. Wakati mwingine nilimpigia mama nikakuta laini yake inatumika, na baadaye nikagundua walikuwa wanazungumza wao wawili kuhusu mlinzi wa bomba la moto, kama ni mwanamke wa kupenda watoto au la. Mama alisema si lazima. Hatukuacha kubishana. Bado kijana alifikiri mimi nataka kila kitabu kiwe somo, na bado mimi nilifikiri anawasamehe waandishi haraka mno. Wakati mwingine alikuwa sahihi yeye.

Kisha mambo yakaachana taratibu, bila ugomvi. Binti wa fundi alijifungua mapacha Mombasa na fundi akaenda kusaidia kwa mwezi mmoja, ambao ukawa mwaka, ambao ukawa kuhamia. Siku hizi pale dukani wanauza makava ya simu. Kijana alipata kazi ya kudumu kwenye mitambo ya mvuke upande wa Naivasha, kama vile alijiandikia mwenyewe. Ameoa, ana binti wa miaka miwili. Hadithi yake aliimaliza na kuiweka mtandaoni, na watu huisoma na kubishana naye chini yake, na yeye hujibu kila mmoja kwa upole uleule. Yangu ilisimama sura ya saba, mama na bintiye wakiwa wamevuka tu mto wa msituni. Nimepandishwa cheo, nina madaftari ya wengine ya kusahihisha. Magoti ya mama yamechoka na ng'ombe amebaki mmoja, lakini nikimpigia simu jioni za Jumapili bado huniuliza tumefika wapi, na mimi humwambia tuko palepale, ng'ambo ya mto, tunapumzika.

Ninachokikumbuka zaidi ni Jumamosi yetu ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Mama alikuwepo, amekuja kubadilishiwa miwani kwa mara ya pili. Jua lilikuwa kali na fundi alikuwa amefungua mlango wa nyuma upepo upite. Tulitumia mchana wote kujadili kama mama wa hadithi anapaswa kusonga mbele msituni kwa miguu au juu ya punda. Mimi nilisema kwa miguu, ndivyo inavyopendeza kwenye hadithi. Fundi alisema punda, kwa heshima. Kijana alisema itategemea mizigo, na akaanza kuorodhesha mizigo. Mama alituacha tuseme mpaka tukamaliza, akafuta miwani yake mipya kwa ncha ya leso, akasema yeye atakwenda kwa miguu lakini punda aje, maana huwezi kujua utakutana na nani njiani aliyechoka. Nikaliandika hilo. Fundi akaenda kuongeza maji kwenye birika.